Datsun ya Rangi ya Samli

Jumamosi, 14 Juni 2025

Mdomo wangu umeniponza tena, na safari hii mbele ya mashahidi.

Asubuhi niliipeleka Datsun ya marehemu mzee wa nyumba hii kwenye ukaguzi wa kila mwaka, ikakataliwa. Injini nzima, breki nzima, taa zinawaka. Bodi ndiyo iliyoiangusha. Milango imeoza chini, madigadi yana matundu ya kupitisha paka, na rangi inabanduka kama ngozi ya mtu aliyelala juani. Sir Ghanim, mwajiri wangu, aliizunguka mara moja pale chini ya kivuli cha magari, akasema, "Khalas, Shem. Skrapu."

Mama yake, Bibi Mahfudha, alikuwa kwenye kiti chake kibarazani. Macho yake siku hizi yanaona vivuli tu, lakini masikio yanasikia hata mchwa akitafuna. Alizaliwa Unguja, akaletwa huku akiwa mwari, na Kiswahili chake miaka sitini ya Uarabuni haijakigusa.

"Ghanim," akasema, "nyumba unaivunja, n'menyamaza. Unanipeleka Al Ain kwa dada'ako Amna, n'menyamaza. Lakini siku hiyo n'tatoka humu ndani kwa gari la baba'ako. Kwa jengine sitoki."

"Mama, gari limekataliwa."

"Na litengenezwe."

"Nitalipeleka gereji, basi."

"Haliendi gereji. Lendirova ya baba'ako ilikwenda gereji. Mpaka leo inatengenezwa."

Na hapo mimi Shem, miaka hamsini na miwili, dereva wa nyumba hii hapa Al Warqa, Dubai, kwa miaka kumi na mmoja, nikajisikia nikisema: "Mimi nilikuwa fundi wa kunyoosha bodi kule kwetu Luanda."

Ni kweli. Mwaka wa tisini na mbili, kwa wiki saba. Kazi yangu ilikuwa kumshikia fundi ndoo ya maji.

Kuhama ni tarehe 15 Septemba. Siku yangu ya mapumziko ni Ijumaa. Nimehesabu: nina Ijumaa kumi na tatu.

Jumapili, 15 Juni

Joto arobaini na tano. Nimenunua msasa.

Ijumaa, 20 Juni

Nimekwangua mlango mmoja tangu alfajiri. Kutu ni kama uongo wa mtu mzima: unakwangua kidogo kutafuta mwisho wake, unakuta ndiyo kwanza inaanza. Mahali nilipodhani pana kidonda cha ukubwa wa sarafu, sasa napitisha ngumi.

Serikali imekataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mpaka saa tisa. Mimi nimejikataza kuanzia saa tatu.

Carolyne, mpishi wetu, mtu wa Bungoma, alinipitishia maji ya barafu, akachungulia tundu. "Mzee Shem, sasa hapo unatengeneza ama unamalizia?"

Ijumaa, 27 Juni

Matundu kumi na manne yamezibwa kwa vipande vya bati. Vidole viwili vimeungua. Bibi alikuja kupapasa kazi, akasema, "Mashallah, laini." Alikuwa amepapasa kioo.

Ijumaa, 4 Julai

Leo nimejifunza jambo ambalo ningelijua kama mwaka ule ningemtazama fundi badala ya ndoo.

Ukishaziba kwa bati, unapaka fila, ule udongo wa kulainisha bodi. Unachanganya na dawa ya kuugandisha, kiasi cha punje ya haragwe. Nikaweka haragwe la Luanda, la mvua na baridi ya asubuhi. Dubai mwezi wa saba haragwe hilo ni baruti. Nimegeuka kuchukua kisu cha kupakia, nimerudi, fila ni jiwe. Nikachanganya nyingine, nikakimbia nayo. Ikaganda njiani. Ya tatu iliganda na kisu ndani yake.

Nimekaa kwenye ndoo, mkononi nimeshika kisu chenye jiwe, kama mtu aliyepewa kombe. Bibi akauliza kutoka kibarazani, "Vipi, mwanangu?"

"Inashika vizuri, Bibi."

Huo nao si uongo.

Ijumaa, 11 Julai

Fila imekubali, kwa kuchanganya kidogo kidogo, kiasi cha tonge. Rangi ya chini imepakwa. Gari lote kijivu, limekuwa kama punda wa serikali. Nimejipiga picha nikamtumia mke wangu. Amejibu: "Hilo gari ni zuri. Na wewe ulikula lini?"

Ijumaa, 18 Julai

Siku ya rangi yenyewe. Bibi anaiita rangi ya samli. Ghanim anasema ni nyeupe iliyozeeka. Muuza rangi aliipata kwa kulinganisha na kipande nilichokikuta safi chini ya mpira wa mlango, na nikitazama naona Bibi ndiye mwenye macho.

Jana adhuhuri nilisafisha bodi yote kwa thina, ile dawa ya kuondoa mafuta, nikaiacha tayari. Leo saa kumi na moja alfajiri, kabla joto halijaamka, nikashika bunduki ya rangi. Ilitoka vizuri, wallahi, hata mimi mtoto wa kanisa la Marafiki, ambako hatuapi, naapa. Boneti ikang'aa. Nikasema moyoni, Shem, wewe kumbe ulikuwa fundi, ulicheleweshwa tu na ndoo.

Dakika mbili baadaye rangi ikaanza kukimbia. Haikutiririka. Ilijitenga. Hapa kishimo, pale kishimo, rangi inajikunja kando kama watu waliomwona mdai wao. Kwenye boneti, kwenye buti, kwenye milango. Nikabaki nimesimama na bunduki mkononi, naangalia kazi ya wiki tano ikiota tetekuwanga.

Hiyo ni mafuta. Hata mshika ndoo anajua: palipo na mafuta rangi haishiki. Swali ni mafuta ya nani.

Feni ya jikoni inapumulia hapa hapa chini ya kivuli. Na jana usiku tulikula chapati.

Jumamosi, 19 Julai

Nimemweleza Carolyne kwa upole.

"Ati chapati zangu?"

"Si chapati. Moshi wake."

"Mzee Shem, ulikula ngapi?"

"Tano."

"Basi hayo mafuta yako tumboni mwako, tafuta huko."

Sitapata chapati kwa muda.

Ijumaa, 25 Julai

Nimekwangua tena, nimesafisha tena, nimepaka tena. Vishimo tena. Na wiki nzima Carolyne hakukaanga hata yai, kwa kunikomoa.

Mshukiwa wa pili: Ashiraf, kijana wa Uganda anayeosha magari ya jirani. Yeye hung'arisha tairi kwa dawa ya kupuliza, na upepo hauna ukuta. Nilimwita ukutani nikamshitaki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniangalia usoni, kisha mikononi, kisha usoni tena.

"Mzee, samahani. Wewe unapaka nini?"

"Rangi."

"Hapana, mwilini. Mbona unang'aa hivyo?"

Nikajiangalia. Mama yangu alitulea na sheria moja: mtoto wa watu hatoki nje amepauka. Kila asubuhi ya maisha yangu, kabla ya chai, kabla hata ya sala, najipaka mafuta ya mgando kutoka paji la uso hadi vidole vya miguu. Leo alfajiri nilijipaka, nikaja kupapasa gari zima kwa viganja kuona kama ni laini.

Ashiraf alicheka mpaka akashika ukuta. Nimerudi jikoni kuomba msamaha. Carolyne amesema atafikiria.

Ijumaa, 1 Agosti

Wiki moja bila mafuta. Nimepauka kama ukuta wa shule. Nilipaka mlango mmoja tu wa majaribio, ule wa mbele upande wangu, nikiwa na glavu. Umetoka vizuri, isipokuwa pembeni karibu na kitasa: vishimo vichache, vimekusanyika pamoja kama vinateta.

Jumatano, 6 Agosti

Nilitoka alfajiri nikamkuta Ghanim ndani ya Datsun. Kiti cha nyuma, magoti yamegusa kidevu, mtu wa miaka hamsini na kitu. Nikataka kurudi, akanionyesha kwa mkono nije.

"Baba aliipaka mwenyewe," akasema. "Kwa bomba la dawa ya mbu. Mimi nilishika kopo."

Nikamwambia mimi nilishika ndoo. Hakuelewa, akacheka hata hivyo.

Kwa miaka kumi na mmoja nimemjua kama mtu wa khalas na yalla, basi na haya twende. Nilidhani nyumba anaivunja kwa sababu amechoka nayo. Leo ameniambia waliorithi ni ndugu sita, watano walisaini ivunjwe, na yeye alikuwa wa mwisho. "Nilikaa na kalamu miezi mitatu, Shem. Kalamu haina nguvu."

Kisha akachukua msasa, na kanzu yake nyeupe hivyo hivyo, akakwangua mlango wa nyuma dakika ishirini. Alikwangua vibaya sana. Sikumwambia.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeona.

Nilipaka upande wote wa kulia. Hewa nzito, jasho linaingia kwenye viatu. Milango ikatulia, ikang'aa, nikahesabu mpaka mia, hakuna kitu. Nikaanza kukunja mpira wa kompresa. Nilipogeuka, mlango wa nyuma ulikuwa unafunguka rangi pole pole, mahali pamoja, chini kidogo ya kioo. Kwanza doa. Kisha madoa manne juu yake, marefu. Rangi ilijivuta kando na kukiacha wazi kile kilichokuwa chini.

Kiganja. Vidole vitano. Kidogo kama cha mtoto wa shule, na kidole cha mwisho kimepinda kwa nje.

Niliweka mkono wangu hewani mbele yake. Wangu ni jembe ukilinganisha. Na humu ndani kuna mkono mmoja tu wenye kidole kile. Kila asubuhi naupokea unapotafuta bega langu kushuka ngazi.

Jumatano, 20 Agosti

Sijamwambia mtu. Nimepaka mafuta yangu ya mgando leo, kwa hasira.

Alhamisi, 21 Agosti

Alasiri nilijifungia chumba cha kufulia, ambacho dirisha lake linatazama magari. Najua mzee mzima kujificha nyuma ya mashine ya kufulia si jambo la kuandika, lakini shajara hii haisomwi na mtu.

Baada ya sala Bibi alitoka peke yake. Mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika kichupa kidogo, yale mafuta ya udi ambayo tone moja linakaa kwenye nguo wiki nzima. Kumbe ndiyo ile harufu. Kila Ijumaa nainusa nikidhani ni ya jirani.

Alilifikia gari akalipapasa kama mtu anayetafuta uso. Akatia mafuta kiganjani, akagusa boneti. Akazunguka, akagusa buti. Akagusa milango ya mbele karibu na vitasa. Mlango wa nyuma, ule anaoingilia yeye, aliuwekea kiganja kizima, akaegemea, akaanza kuzungumza. Nilidhani anasoma dua. Alikuwa anaongea na mumewe.

"Bwana wee, kijana wa watu anahangaika na gari lako. Wewe ulilimaliza siku mbili, lakini wewe hukuwa na haya, ulipaka mpaka tairi. Huyu ana haya. Ikimwendea vibaya hasemi, ananiambia inashika vizuri." Akacheka kidogo. Kisha sauti ikawa nyingine. "Ya Rabbi, mpe Shemu mikono mitulivu kesho. Na kama haliwi, basi mtie moyoni aache. Asije akafa na joto kwa ajili yangu. Mimi n'takwenda hata kwa miguu."

Akapangusa kiganja kwenye mtandio wake, akarudi ndani, mkono ukutani.

Nimekaa juu ya kapu la nguo chafu mpaka giza. Nilikuwa nimeshamtafuta mwenye mafuta kwa wiki tano, nimemuudhi mpishi, nimemshitaki mwosha magari, nimejinyima mpaka nikapauka. Sasa nimempata. Anaomba mikono yangu itulie, na dua yake ndiyo inayoniharibia kazi. Nitamwambiaje? "Bibi, acha kuniombea"? Nyumba inakwenda. Kiti chake cha kibarazani kinakwenda. Kazi zote za nyumba hii alishanyang'anywa, kupika, kuchambua mchele, hata kukunja nguo, kwa kuwa haoni. Imebaki hii moja, na anaifanya kwa siri ili asimsumbue mtu.

Carolyne nimemwambia. Akasema, "Mwambie tu pole pole, Mzee."

"Mwambie wewe."

"Mimi? Mimi ni mpishi."

Ijumaa, 22 Agosti

Dawa ni rahisi, nayo inaniuma. Unaosha tena kwa thina alfajiri, baada yake. Nimeufuta mkono wa Bibi gari zima, nikijisemea kwamba Mungu anajua kusoma hata kilichofutwa.

Vishimo havikuja. Umekuja unyevu. Asubuhi hewa ilikuwa kama shuka mbichi, rangi ikakauka ikiwa na ukungu mweupe. Sasa gari nalo limepauka.

Jumapili, 24 Agosti

Bibi anasema nyota ya Suheli imetoka, joto limevunjika mgongo. Joto halijapata habari.

Ijumaa, 29 Agosti

Imekubali!

Nimeosha, nimepaka, nimesubiri. Hakuna kishimo, hakuna ukungu. Boneti, buti, madigadi, milango mitatu, paa. Rangi ya samli, tena samli ya Unguja. Ashiraf alikuja ukutani, akapiga mluzi. Carolyne ameleta chapati, tisa. Ghanim alisimama mbele ya gari akiwa amefunga mikono nyuma, hakusema khalas wala yalla.

Umebaki mlango wa nyuma wa kulia. Ule wa kiganja niliukwangua kwa nguvu mno mpaka nikafika kwenye bati, ukahitaji fila upya. Ijumaa ijayo. Ukaguzi nimeuwekea tarehe 8. Kuhama tarehe 15. Kwa mara ya kwanza tangu Juni nina siku za ziada.

Jumanne, 2 Septemba

Amna amepiga simu. Daktari wa Al Ain amepata nafasi ya Bibi mapema. Amna mwenyewe anakuja kumchukua Jumamosi hii, tarehe 6.

Nilimwendea Ghanim. "Sir, ukaguzi ni Jumatatu. Siku mbili tu."

"Daktari huyo tumemngoja tangu Machi."

"Tukienda ukaguzini kesho?"

"Mlango mmoja ni wa kijivu, Shem, una tundu."

Kweli una tundu. Nimekaa na simu nikitafuta ukaguzi wa Ijumaa jioni. Hakuna.

Ijumaa, 5 Septemba

Alfajiri upepo wa vumbi. Sikuweza kufungua hata kopo. Saa kumi na moja jioni ukatulia. Nimeziba tundu la mlango wa nyuma, nikaupaka kwa haraka, tabaka nene, najua ni nene mno. Kwa nini nimeupaka, sijui. Hakuna pa kwenda.

Jumamosi, 6 Septemba

Saa mbili asubuhi Amna alikuwa nje ya geti, gari lake jeupe kubwa linanguruma. Masanduku manne yalishapakiwa. Bibi alitoka na buibui lake jipya, akasimama kibarazani, akasema, "Shemu, lete gari."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake amesema.

Ghanim alinivuta kando. "Barabarani hapana. Halina kibali. Hata tairi moja."

"Na ndani ya geti, sir?"

Aliangalia geti, kisha kivuli cha magari, kisha nyumba yenyewe, madirisha hayana tena mapazia.

"Ndani ya geti ni kwetu," akasema. "Mpaka leo ni kwetu."

Nikamshika Bibi mkono tukaenda. Tulipofika, akaachia bega langu, akatoa kile kichupa mfukoni, mbele yangu, bila kujificha. Akatia mafuta kiganjani. Mkono ukaanza kwenda kwenye mlango wa nyuma.

"Umekauka?" akauliza.

Asubuhi nilikuwa nimeugusa kwa ncha ya kidole. Unanata.

"Umekauka, Bibi."

Akauweka kiganja, akaegemea, akasema maneno yake. Nikatazama rangi ya samli ikizama chini ya vidole vyake.

Aliketi nyuma, wima, mkoba magotini. Nikawasha. Iliwaka mara ya kwanza, jeuri ile.

"Usikimbize," akasema.

"Sikimbizi, Bibi."

"Marehemu alikuwa akikimbiza."

Kutoka kivulini mpaka getini ni hatua thelathini na moja, nimezipima jioni hii. Niliendesha kwa gia ya kwanza, mguu kwenye breki, na bado ardhi ilikuwa inaisha. Tulipita kibaraza na kile kiti. Tulipita dirisha la jikoni, Carolyne ameegemea amejifunika uso kwa kitambaa cha vyombo. Tulipita bomba la bustani. Bibi alikuwa anavitaja kimoja kimoja kwa sauti ndogo, kila kimoja mahali pake, kama anayeona. Nikasimama kwenye reli ya geti.

"Tushatoka?" akauliza.

Nilimtazama Ghanim. Alikuwa ameshika geti, anaangalia tairi ya mbele, ambayo hata moja haikuruhusiwa. Akamwangalia mama yake. Akarudi nyuma hatua moja, akakunja vidole viwili: njoo.

Nikaachia breki. Tairi mbili za mbele zikavuka reli, zikakanyaga barabara ya watu.

"Tushatoka, Bibi."

"Alhamdulillahi," akasema, akatafuta kitasa.

Amna alimpokea. Vioo vya lile gari ni vyeusi, kwa hiyo sikuona alikoketi. Niliipungia mikono milango yote.

Alhamisi, 11 Septemba

Ghanim amesema Datsun itakuwa kwake, ukaguzi umesogezwa, na mimi nitatafutiwa kazi ya ghala Jebel Ali, inshallah. Aliinamia mlango wa nyuma, akauangalia ule mkono uliozama katika rangi, sasa umekauka kabisa, kidole cha mwisho kimepinda nje.

"Huu utaurudia?"

"Hapana, sir."

"Vizuri," akasema, akanipa msasa wangu ambao alikuwa ameushika tangu lini sijui.

Alasiri, baada ya sala yao, nilikaa chumba cha kufulia bila sababu. Hakuna aliyetoka. Nikaenda kusafisha gari ndani, na kwenye kiti cha nyuma nikakuta kichupa, kimefungwa vizuri kwenye leso. Mafuta yamebakia kidogo chini.

Nimepaka boneti. Nimepaka buti. Nimepaka milango ya mbele karibu na vitasa. Maneno sikuwa nayo, nikasema jina la Bibi tu.

Kesho ni Ijumaa, na sina cha kupaka rangi.